Ila Arobaini na Moja za Gari la Khelef

Katika mtaa wetu wa Ibra ipo nyumba moja ambayo chumba chake kizuri kuliko vyote kilikuwa cha gari. Kina dari ya juu, madirisha mawili yanayotazama mitende, na sakafu ya marumaru ambayo mwenyewe akiipiga deki kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Wenye nyumba, mume na mke, walilala ghorofani, juu ya ngazi kumi na saba. Gari lililala chini penye ubaridi, kama mgeni aliyekuja kwa siku tatu akakaa miaka arobaini.

Mwenye gari ni Khelef bin Thani, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Alizaliwa Mkunazini, Unguja, akaondoka akiwa na miaka kumi na moja, akafika Oman kijana wa ishirini. Kiarabu alichokuja nacho kilikuwa cha chuo cha Kurani tu, hata alipoomba maji dukani watu walidhani anahutubia. Manispaa ikampa kazi ya kukagua masoko. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipita katika masoko ya mkoa wetu wa Sharqiyah akifunua tende za juu ili aone za chini, akipima mizani ya wauza samaki, akinusa samli. Neno lake lilikuwa moja: "Sema ila yake kwanza." Muuzaji asiyetaja ila, yaani kasoro, ya bidhaa yake, Khelef alisimama mbele yake na kumtazama, bila hasira wala haraka, mpaka yule mtu akaitaja mwenyewe. Walikuwapo waliotaja hata ambazo hazikuwapo, ili mradi aende zake.

Gari lenyewe ni Pontiac Firebird ya mwaka sabini na tatu, jekundu kama komamanga lililopasuka, na boneti ndefu hata dereva hujua amefika nyumbani kabla hajafika. Alilinunua mwaka themanini na moja kwa Mmarekani mmoja, mhandisi wa barabara, aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Juu ya boneti pana ndege mkubwa aliyekunjua mbawa, na ndimi za moto zikimtoka kila upande. Khelef anasema huyo ni ndege wa moto, yule aunguaye akazaliwa upya katika majivu yake. Ibra nzima inasema ni kuku.

"Yakhe, kuku wako katagaje leo?" Humaid, jirani yake, humwuliza wakikutana kwenye kahawa.

"Huyo si kuku."

"Mbona ana upanga wa jogoo kichwani?"

"Ni mwali wa moto ule."

"Basi huo mwali una macho ya kutafuta mtama."

Tumecheka hivyo kwa miaka mingi, na Khelef hajapata kucheka. Nadhani najua sababu. Mtu aliyetoka kwao na kifurushi kimoja cha nguo hutamani, kabla hajafa, kumiliki kitu kimoja asichokihitaji. Mahitaji huletwa na maisha yenyewe, kidogo kidogo, sahani na godoro na kiti. Lakini gari lenye milango miwili tu, linalokunywa petroli kama ngamia aliyevuka jangwa, gari lisiloweza kubeba hata gunia la unga bila ya kulalamika, hilo ni la kuchagua. Khelef alilichagua. Mwaka uliofuata alilipeleka uwanja wa ndege kumpokea Azza, mchumba wake kutoka Wete, ambaye alikuwa hajamwona tangu utotoni. Azza alilitazama gari, akamtazama Khelef, akasema, "Mimi nitapanda wapi?" Hakukuwa na kejeli katika swali lile. Kiti kilikuwa chini mno hata hakukiona.

Miaka arobaini na kitu baadaye ni gari lile lile lililoleta maneno, gari na magoti. Magoti ya Azza yalikwisha. Daktari wa Nizwa alizitazama picha akasema, bila ya kupamba, kwamba ngazi sasa basi. Lakini nyumba haina chumba kingine chini. Jiko, choo, ukumbi wa wageni wenye upana wa mkeka mmoja, na banda la gari. Azza akawa anashuka mara moja kwa siku, amekaa, ngazi kwa ngazi, kama mtoto, akishikilia ukuta. Akifika chini hukaa pale mpaka pumzi imrudie. Siku nyingine hakushuka kabisa. Mwanawe Tamim, aliye Maskati kwenye jengo lenye lifti, alipiga simu kila jioni: njoo ukae kwetu, mama. Azza hakutaka Maskati. Ana meza yake ya udi na ubani katika soko la Jumatano, lile la wanawake peke yao, na marafiki wa miaka thelathini waliokaa kushoto na kulia kwake. Kumng'oa pale ni kumng'oa mtende uliokwisha kuzaa.

Ndipo asubuhi moja akasema, kutoka ngazi ya tano, alipokuwa amepumzika:

"Baba Tamim, mimi na gari, mmoja wetu atalala hapa chini. Nakupa mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Ukiandama na mimi ningali juu, nakwenda kwa mwanangu, na weye ubaki na kuku wako."

"Si kuku."

"Katika yote niliyosema, hilo ndilo ulilosikia?"

Kuliweka nje hakukuwezekana. Barabarani, inakolala Toyota yao ya kila siku, jua lingelimaliza, na kichochoro chetu ni chembamba. Gari likisimama pale lori la maji halipiti, na mtaa mzima utaoga kwa maombi. Tena mbuzi wa Humaid hawaoni kitu kilichoinuka ila wakipande. Khelef alilitoa siku moja kwa majaribio, na baada ya saa moja akamkuta beberu amesimama juu ya boneti, juu ya ndege mwenyewe, akitafuna kipande cha boksi.

"Wamekutana wafugwa kwa wafugwa," alisema Humaid.

Basi ikawa kuuza. Na hapo ndipo mkaguzi alipomwingia muuzaji. Khelef alikaa siku tatu na karatasi, mkeka na miwani, akaandika ila za gari lake, moja baada ya moja, kwa Kiarabu upande wa kulia na Kiswahili upande wa kushoto. Zilifika arobaini na moja. Ila ya tatu: kiti cha abiria humpokea mtu lakini hakimrudishi. Ila ya kumi na mbili: breki hufanya kazi, ila zataka kuambiwa mapema. Ila ya kumi na tisa: halipandi mlima; njia ya Jabal Akhdar askari wa kizuizini walilirudisha, nao walifanya vyema. Ila ya ishirini na sita: saa ya ndani ilisimama mwaka themanini na nane, na haijasema kwa nini. Karatasi ile aliibandika ukutani bandani, na kila mnunuzi alitakiwa aisome yote kabla ya kugusa mlango.

Walikuja wengi. Alikuja Taimur wa Nizwa na binamu zake wawili, akanywa kahawa, akala halua, akasoma karatasi mpaka chini, kisha akamvuta binamu yake pembeni. Sauti ilisikika hata hivyo. "Mtu anayetaja arobaini na moja, anaficha ngapi?" Wakashukuru, wakaondoka. Alikuja mwingine kutoka Jalan Bani Bu Hassan, ambaye hakulitazama gari hata kidogo. Alichuchumaa mbele ya kibao cha namba, kwa kuwa namba yenyewe ni ya tarakimu tatu, na huku kwetu namba fupi ni mali, akauliza kama kibao kinauzwa peke yake. Khelef alimjibu kwamba hajapata kumwona mtu aliyekuja kuposa akataka hina tu.

Kila aliyekuja aliifikiria ile karatasi usiku wake, na kesho yake hakupiga simu.

"Mpeleke Nizwa Ijumaa," alishauri Humaid. "Mtie kwenye duara la mnada pamoja na mbuzi, umzungushe mara tatu. Kule hakuna asomaye."

Na Azza, aliyekuwa akisikiliza kutoka juu ya ngazi, alisema kwa sauti ya kufika chini: "Mwacheni. Hauzi, analinda."

Nia za watu anazijua Mungu. Mimi najua tu kwamba kila mnunuzi alipokata kona, Khelef alirudi bandani akipiga mluzi.

Zikabaki wiki mbili Ramadhani iandame. Tamim akapiga simu kusema chumba cha mama kimekwisha kupakwa rangi, ya kijani kibichi kama apendavyo. Azza alisema ahsante mwanangu, akaweka simu, akaomba kikapu chake. Ilikuwa Jumatano. Alishuka ngazi zote kumi na saba, akafika chini, akasimama mbele ya ukuta wa banda na kuibandua ile karatasi.

"Waipeleka wapi?" Khelef aliuliza.

"Sokoni."

"Soko gani?"

"Usilolijua."

Alikuwa na haki. Katika masoko yote ya Sharqiyah lilikuwapo moja tu ambalo Khelef hakupata kulikagua, kwa kuwa mwanamume haingii. Alimpeleka Azza mpaka ukingoni kwa ile Toyota yao ya kila siku, akasubiri garini, akitazama mabuibui yakiingia na kutoka. Ndani Azza aliibandika karatasi mbele ya meza yake, kati ya chetezo na mikebe ya ubani. Mwenzake mmoja akaanza kuisoma kwa sauti. Walipofika kiti kisichomrudisha mtu, meza nne zilikuwa zimenyamaza kusikiliza. Walipofika breki, walikuwa wakifuta machozi ya kicheko. Lakini hakuna aliyeuliza kimefichwa nini. Wanawake wale huuziana vitambaa wao kwa wao kila wiki. Anayenyamazia tobo Jumatano hii, Jumatano ijayo hukaa peke yake. Kwao karatasi ile ilikuwa kama muuzaji mwenye adabu.

Mmoja wao hakucheka. Jina lake Jumana, msichana wa mji wa Sur, fundi wa mitambo katika kiwanda cha gesi, aliyekuja na shangazi yake kununua vitu vya harusi ya dada. Aliisoma pande zote mbili, akapiga picha, akauliza gari liko wapi, na Azza akatuma picha ya gari kwenye simu ya shangazi.

Alhamisi asubuhi alikuwa kwetu. Alivaa ovaroli juu ya nguo zake, akatandika mkeka, akaingia chini ya gari. Khelef, ambaye hakujua afanye nini na mikono yake, alimimina kahawa mara mbili katika kikombe kile kile. Jumana akatoka na doa jeusi shavuni, akasema kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa Oman:

"Shikamoo tena, ami. Ila ya tisa umekosea. Gia haina kitu. Mpira ya chini ya injini ndio imekufa."

"Marahaba. Miaka kumi na minane nimeilaumu gia."

"Basi gia umwombe radhi." Kisha akaja mbele, akainamia boneti kama mtu ainamiaye kisima. "Lakini huyu ndiye amenivuta mimi. Nimemwona kwenye simu ya shangazi. Ndege ya kiwandani, ya asili, na jua letu hili? Siku hizi hapatikani. Nalichukua hivi hivi, ami. Jumamosi nakuja na gari ya kubebea."

Khelef akakimiminia kikombe kile kile mara ya tatu.

Hapa sina budi niseme jambo ambalo halikuwamo katika zile arobaini na moja. Kiangazi cha mwaka tisini na nne, jua lilimla yule ndege wa Mmarekani mpaka akabaki mabaka. Khelef hakuweza kumwona hivyo. Alilipeleka gari Sur kwa fundi mmoja mchora vibao vya maduka, akamwachia picha ndogo iliyokatwa gazetini. Fundi alikuwa hodari, lakini mkono wake ulikuwa umezoea ndege wa aina moja, kwa kuwa wateja wake wengi walikuwa na mikahawa ya kuku wa kuchoma. Khelef alipokwenda kulichukua, rangi ilikuwa imekauka. Alirudi Ibra kwa njia ndefu. Waliouliza aliwaambia, "Nimemsafisha tu." Na alipoandika ila za gari, aliipita boneti kama mtu apitaye nyumba aliyokataliwa posa.

Ijumaa hakuja kwenye kahawa. Alipiga deki banda lililokwisha kupigwa deki. Azza alishuka akakaa kwenye ngazi ya mwisho.

"Kuna ila ngapi pale?" aliuliza.

"Arobaini na moja. Si uliziona?"

"Hizo niliziona."

Khelef akasema, bila ya kugeuka, "Akikataa, Mama Tamim, hakuna mwingine. Zimebaki siku kumi na mbili. Utakwenda Maskati."

"Akikataa kwa nini?"

Khelef akaipiga deki tena pembe iliyokwisha kung'aa. Azza alijishika ukutani akasimama, na kabla ya kuanza kupanda alisema neno ambalo Khelef mwenyewe ndiye aliyenihadithia, na alipolihadithia alitazama pembeni.

"Usiyatumie magoti yangu kusemea uongo."

Kisha akapanda, amekaa, kwa mgongo. Khelef alisikiliza, akihesabu bila ya kutaka. Katika ngazi ya kumi na moja alipumzika muda mrefu.

Jumamosi lilikuja gari la kubebea, na Jumana, na shangazi yake kiti cha mbele. Mtaa wote ulikuwa nje kwa kisingizio hiki na kile. Humaid alikuwa ameleta kiti chake kabisa. Magurudumu ya mbele ya Firebird yalikuwa yamekwisha kupanda, ndege ameelekea mbinguni, Khelef aliposema, "Simamisheni."

Wakasimamisha.

"Kuna ila ya arobaini na mbili," alisema. Sauti yake ilikuwa ile aliyowafundisha wauza samli. "Yule ndege si wa kiwandani. Amechorwa Sur, mwaka tisini na nne. Nilijua Alhamisi, nikanyamaza. Una haki ya kuliacha gari, binti yangu, na mimi sina neno."

Jumana alilizunguka gari, akainamia boneti, akapitisha kidole juu ya bawa, ukingoni ambapo rangi imepanda juu ya rangi. Uso wake ulikuwa umeanguka kidogo, na Khelef aliuona. Dirishani juu Azza naye alikuwa akitazama.

"Alichora nani?"

"Fundi mmoja wa vibao. Mungu amrehemu."

"Vibao ya nini?"

Hapa Khelef alivuta pumzi. Miaka thelathini ilikuwa imesimama nyuma ya meno yake.

"Vya mikahawa. Ya kuku."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimgeukia Humaid, kama mtu anayenyoosha shingo apigwe yaishe.

"Sema basi."

"Niseme nini?" Humaid aliuliza kwa upole. "Mwaka tisini na nne ndege aliondoka hapa, akarudi kuku. Ulidhani mtaa mzima vipofu? Sisi tunakuuliza kila siku, yakhe. Tulikuwa tunangoja useme."

"Miaka thelathini?"

"Wewe si ndiye uliyetufundisha kumtazama muuzaji mpaka ataje mwenyewe?"

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, na cha kwanza kilitoka juu dirishani. Jumana alikuwa bado ameinamia boneti. Alipoinuka alisema polepole, akitafuta maneno, "Mimi nilikuwa nikimwangalia nasema, huyu namjua. Nilikuwa naona uso wake kwenye vibao ya mikahawa nikienda skuli." Akamtazama shangazi yake. "Ndege ya kiwandani, mtu akitafuta sana, atampata Amerika. Hii ya Sur iko moja tu. Naye anarudi kwao." Akampa Khelef kalamu. "Lakini iandike, ami. Mwisho wa karatasi, kwa mkono wako."

Aliiandika, akiwa ameegemea mlango wa gari, na Humaid akaisoma kwa sauti kwa ajili ya waliokuwa nyuma. Kisha gari likapanda lote, likafungwa minyororo, likatoka kichochoroni kinyumenyume. Khelef alilisindikiza kwa miguu mpaka barabarani. Alikaa huko kitambo. Hakuna aliyemfuata, utani nao una mipaka yake.

Fundi mwashi aliingia bandani Jumapili. Alijenga choo pembeni, akatia mlango wa mbao mahali pa lile geti la chuma, akapaka rangi. Azza alitaka kijani kibichi. Siku nne kabla ya mwezi kuandama kitanda kilishushwa vipande vipande, na yeye mwenyewe akashuka kwa mara ya mwisho, amekaa, akiipiga kila ngazi kofi dogo alipoiacha. Tamim aliambiwa kile chumba chake awape wageni.

Asubuhi ya kwanza Khelef aliporudi kulala kidogo baada ya alfajiri, aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda mtupu. Alitoka mbio mpaka chini ya ngazi, akatazama juu kwa mazoea, akaita. Hakuitikiwa. Akatazama jikoni. Halafu akaona mlango mpya uko wazi, na jua limeingia mpaka katikati ya chumba.

Azza alikuwa nje kichochoroni, amesimama, hakushikwa na mtu wala hakushika ukuta, akigombana na muuza mboga juu ya mabamia.

"Haya yamekomaa," alikuwa akisema. "Yavunje mwenyewe uone." Alipomwona mumewe mlangoni, kichwa wazi, miguu mitupu, alimnyooshea kikapu bila ya kuikatiza hoja yake.

"Njoo uchukue hiki. Kizito."

Khelef akatoka akakichukua.